Shingo iligoma kwenye tarawehe

Mwaka ule Ramadhani iliingia nikiwa na kama miaka mitatu tangu nimalize mionzi ya saratani, na kwa fundi cherehani Ramadhani sio mwezi wa kupumzika hata kidogo, ni mwezi wa kanzu. Watu wa Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, wanaanza kuleta vitambaa tangu kumi la mwanzo, huyu anataka za watoto watatu, yule anataka yake ifanane na ya mkwewe, na wote wanakwambia fundi Idi hiyo usituangushe. Sasa kanzu kazi yake kubwa iko shingoni na kifuani pale kwenye darizi, unainama, macho kwenye sindano, asubuhi mpaka alasiri, unanyanyuka kwenda kuswali unarudi unainama tena. Mtu mwenye shingo nzima anachoka, sembuse mimi.

Saratani yangu ilianzia nyuma ya pua, kule juu kabisa ya koo ambako hata ukifungua mdomo mbele ya kioo huoni kitu. Ilianza na uvimbe shingoni upande wa kushoto, hauumi, hauwashi, upo tu, na sikio la upande huohuo likawa limeziba kama mtu aliyetoka kuogelea. Kila mtu akasema matezi hayo yatapotea. Hayakupotea. Nikaishia Ocean Road kule Dar, lile jengo la Mjerumani pale baharini, na kwa wasiojua mionzi ya huku kichwani na shingoni sio ya siku moja, ni wiki saba hivi, Jumatatu mpaka Ijumaa, na juu yake dripu za kemo, yaani dawa za saratani. Wanaloweka plastiki fulani yenye matundu kwenye maji ya moto, ikilainika wanakuvalisha usoni mpaka mabegani, ikiganda inakuwa na sura yako, basi kila siku wanakufunga nayo kitandani usitikisike. Mionzi yenyewe huisikii. Unasikia mashine inazunguka tu, unatoka. Maumivu yanakuja baadaye, koo linaungua, ngozi inakuwa nyeusi inabanduka, chakula hakina ladha, haya nayapita haraka kwa sababu yale niliambiwa mapema na yalikuja kama nilivyoambiwa, na yaliisha.

Ambalo halikuisha ni mate. Tezi za mate zilipigwa na mionzi pamoja na ugonjwa, mdomo wangu mkavu mpaka leo, bila chupa ya maji siwezi kumaliza maongezi na mteja mmoja. Kwa hiyo sifungi. Daktari alinikataza na shehe akaniambia hivyohivyo, toa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na usijitie unyonge. Kusema rahisi bwana. Mchana wa Ramadhani mwanaume mzima unakunywa maji nyuma ya pazia la duka, na nusu ya mtaa hawajui habari zako. Ndio maana tarawehe nilikuwa siikosi, niliona angalau hapo niko sawa na wenzangu, na chupa yangu naweka mbele ya magoti hakuna anayeniuliza.

Usiku wenyewe ulikuwa katika kumi la mwisho, oda zimenilemea, nimeshinda nimeinama siku nzima. Msikitini kwetu tunaswali rakaa ishirini, mbili mbili, maana yake kila baada ya rakaa mbili unatoa salamu, kichwa kulia, kichwa kushoto. Shingo ilikuwa inanibana tangu jioni lakini kubana nilishazoea, kila nikipiga miayo kuna kitu kinavuta chini ya kidevu halafu kinaachia. Nikaenda hivyohivyo. Tumefika katikati huko, imamu akatoa salamu, assalamu alaykum warahmatullah, nikageuza kichwa kulia, na hapo ndipo msuli wa kushoto ukanishika.

Ule msuli unaotoka nyuma ya sikio unashuka mpaka kwenye mtulinga, ulisimama wote ukawa kamba iliyovutwa na punda. Sikio la kushoto likavutwa chini kuelekea begani, kidevu kikanyanyuka kulia, taya likafunga. Imamu katoa salamu ya pili, watu wote wamegeuka kushoto, mimi nimebaki nimemkodolea macho mzee aliyekaa kuliani kwangu. Mzee wa watu akaniona namwangalia, akaitikia, "Wa alaykum salaam, mwanangu," akatabasamu. Mimi siwezi kutabasamu, siwezi kumjibu, machozi yananitoka. Akaniangalia tena vizuri, tabasamu likaondoka.

"Fundi? Fundi, vipi?"

Imamu akapiga takbira ya rakaa zinazofuata, watu wakasimama, mimi nimekaa. Waliokuwa karibu wakaacha swala wakanizunguka, na hapo kila mtu akawa na lake. Mmoja anasema kapandisha huyo, mtoeni nje. Mwingine anasema kiharusi, angalieni mdomo umekwenda upande. (Huyu wa kiharusi sikumcheka hata baadaye, kwa sababu mionzi ya shingo inaharibu na ile mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani, inakuja kuziba baada ya miaka, kwa hiyo mtu wa namna yangu ukimuona mdomo umepinda mkono hauna nguvu maneno hayatoki, mkimbize hospitali usisubiri.) Mzee wangu wa kulia yeye alishaweka mkono kichwani kwangu anasoma Ayatul Kursiyyu, pole pole, kwa sauti ya chini.

Halafu akatokea kijana mmoja kinyozi, ana saluni yake palepale mtaani, na mnawajua vinyozi wetu, ukimaliza kunyolewa anakukanda mabega halafu anakukamata kidevu na kisogo, kwaa! Anaita kunyoosha. Akasema, "Jamani pisheni, hii kazi yangu, kila siku nanyoosha shingo za watu." Akaja nyuma yangu akanishika kidevu.

Maumivu yote yale sikuyaogopa kama nilivyoiogopa ile mikono. Kuongea siwezi, taya limefunga, nikamkamata kiganja nikakibana kwa nguvu zangu zote za mkono wa mkasi, akapiga kelele, "Fundi unaniumiza!" Ndio nilichotaka. Mzee akamwambia mwache, hataki, humuoni hataki? Akaniachia.

Nikabaki na kisomo cha mzee. Sina la kufanya nikawa navuta pumzi akianza aya na kuitoa akimaliza, na kiganja nimekilaza chini ya taya nalisukuma taratibu sana kurudi katikati, silazimishi, naegemea tu. Ilichukua muda. Kuna mahali msuli ukaanza kutetemeka chini ya vidole, unaachia unakamata, unaachia unakamata, mwisho ukalegea na kichwa kikarudi. Neno la kwanza kulitamka lilikuwa maji. Nikanywa chupa nzima mbele ya safu.

Nyumbani nikakuta habari zimeshafika kabla yangu. Mama mkwe alikuwa kwetu mwezi ule, keshapasha chumvi ya mawe kwenye kikaango kaifunga kwenye kitambaa, anataka kunikanda. Ni dawa ya wazazi wetu na kwa shingo ya mtu mwingine sina neno nayo. Mke wangu akamzuia, akamwambia, "Mama, pale hasikii moto, utamchoma hatajua." Kweli, upande ule ngozi imekufa ganzi, ndevu hazioti, wembe unaweza kunikata nikaja kuona damu kwenye kola. Mama mkwe akaweka kitambaa chini, hakuamini sana, ila akaweka.

Usiku tukiwa wawili mke wangu akaanza kunipapasa shingo kwa ncha za vidole, kutoka chini ya sikio kushuka, anarudi juu, anashuka tena. Hakusema anatafuta nini na mimi sikumuuliza. Ukishaugua hii kitu kila kinachokubana, hata mafua, jina lake la kwanza ni imerudi. Kulipokucha wala sikufungua duka.

Daktari alinipima kwa mkono, akaniingiza ile kamera nyembamba puani, akaandika na picha. Siku za kusubiri majibu sitazielezea, anayezijua anazijua. Haikurudi. Lakini yeye hakuishia hapo, akaniuliza maswali mengine ambayo niliona hayahusiani kabisa, unasikia baridi? Choo kigumu? Unachoka? Nikacheka, maana mke wangu alikuwa ananitania kwa miezi, Tanga na joto lake lote mimi navaa sweta dukani, na mwili umenenepa wakati kula kwenyewe kwa shida. Akasema tupime damu tuangalie homoni ya tezi ya shingoni na madini, kalsiamu na magnesiamu. Madini yalikuwa sawa, tezi ndo ilikuwa imelala. Kumbe ile tezi iko palepale kwenye njia ya mionzi, kwa wengi inachoka taratibu miezi au miaka baada ya matibabu, na ikichoka misuli nayo inauma na kukaza. Toka siku hiyo nameza kidonge kila asubuhi tumbo likiwa tupu, na hiki ni cha maisha. Ikanikera kidogo, nilishapita kliniki nyingi kabla ya pale bila kupimwa, na kipimo chenyewe ni damu kidogo tu.

Kidonge kilipunguza uchovu na baridi, sweta nikalivua, lakini shingo yenyewe ilitengenezwa na dada wa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyu alinieleza mpaka nikaelewa. Alisema mionzi ikipita inaacha kovu ndani ya nyama, na kovu lile haliishi kukua, linaendelea kukakamaa kwa miaka, linabana misuli na linachokoza neva, na neva iliyochokozwa inaamrisha msuli ujikunje bila wewe kutaka. Ukiinama siku nzima ndo unauzoesha ubaki mfupi, halafu usiku unaugeuza ghafla. Nikamwambia kuhusu kinyozi akashika mdomo. Akasema shingo ya mionzi hainyooshwi namna ile na mtu yeyote, awe kinyozi awe nani, mifupa na mishipa yake sio ya kuchezea.

Mazoezi aliyonipa ukiyaangalia unaona ni upuuzi. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama unamkwepa mtu anayenuka, tulia, achia. Geuka kulia mpaka unapoanza kuvuta, sio mpaka panapouma, tulia, rudi. Kushoto vivyo hivyo. Lalisha sikio begani. Na kwa taya akanipa vile vijiti vya kukandamizia ulimi, unavipanga katikati ya meno unaongeza kimoja kimoja siku hadi siku. Mara kadhaa kwa siku, kila siku, na akasema wazi kabisa hutapona, utaishi nayo vizuri. Nilimpenda kwa ule ukweli. Daktari naye aliniandikia vidonge vya kulegeza misuli, vinasaidia ila vinalewesha, nililala juu ya cherehani mteja akaniamsha, tukakubaliana niwe nakunywa usiku tu kipindi ikizidi. Alinitajia na sindano ya botox, ileile ya akina dada wa mikunjo ya usoni, kwamba ikichomwa kwenye msuli husika unatulia kwa miezi mitatu hivi. Nikauliza bei. Tukarudi kwenye mazoezi.

Cherehani nikaipandisha kwenye matofali, na kiti nikabadilisha, sasa kazi inanifuata machoni badala ya mimi kuifuata chini. Wateja walicheka, wanasema fundi umejijengea mimbari. Na simu nimeiweka ilie kila baada ya muda, ikilia naacha sindano popote ilipo, narudisha kidevu. Idi ile wengine walichelewa kupata kanzu zao na wawili hawajarudi dukani mpaka leo, waende salama.

Kuhusu salamu nilimwendea shehe. Nilikuwa na hofu kwamba nisipogeuka vizuri swala haijatimia. Akaniambia kwa sisi Mashafii nguzo ni kuitamka ile salamu ya kwanza, ya pili ni sunna, na kugeuza uso ni sunna pia, kwa hiyo geuka unapoweza na usipoweza itamke umeelekea kibla, swala yako imekwisha. Akaongeza kwamba siku nyingine nikikwama nisimwangalie mzee yule, alikuwa na presha.

Yule kijana kinyozi alinikasirikia wiki nzima, alidhani nimemdhalilisha msikitini. Nikaenda saluni kwake mwenyewe, nikakaa kwenye kiti, nikafungua vifungo nikamshikisha ile nyama. Akaigusa, akashtuka, "Fundi, hii mbona ngumu kama ubao?" Nikamweleza yote aliyonieleza dada wa fizio, hasa lile la mishipa. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza atamjuaje mtu wa namna hiyo, maana watu hawasemi. Nikamwambia angalia ngozi, sehemu imebadilika rangi, ndevu zimeota upande mmoja, basi nyoa, paka mafuta, chukua hela yako. Kunyoosha hajaacha, vijana wanakipenda kile kishindo. Ila sasa anauliza kwanza, na mimi ananinyoa nusu bei, anasema ndevu zenyewe ziko upande mmoja.