Waya wa chumba cha nyuma

Fundi amemaliza leo jioni. Sasa waya wa mtandao umefika sebuleni, chumbani kwetu, na chumba cha nyuma ambako mwanangu anasomea na mimi nahariri video za harusi na sendofu.

Tangu tupange ghorofa hii ya Njiro, Arusha, kila mtu amekuwa akiniambia ninunue ruta yenye antena nyingi, shida ya waifai kutofika chumba cha nyuma itaisha. Sikuwahi kuamini. Jengo letu ni la tofali za bloku, tena katikati limepita zege lenye nondo za kutosha. Mawimbi ya waifai yakigonga chuma yanarudi yalikotoka, na yanayopenya yananywewa na zege. Bendi ya gigahezi 5, ile yenye kasi, ndiyo inayokata tamaa mapema kuliko ya 2.4. Kwa kuta kama hizi, cha kufanya ni kuyafikisha mawimbi chumbani kwa waya, kisha kuyaachia humohumo.

Nilianza kwa mama mwenye nyumba. Shikamoo, habari za hapa, chai, ndipo nikasema kilichonileta. Hofu yake ilikuwa ukuta kutobolewatobolewa. Tukakubaliana waya upite kwenye vifereji vyeupe vya plastiki usawa wa sakafu, ukuta utobolewe pale tu mlango usipotoa njia, na siku nikihama vyote vibaki. Ni haki yake kabisa.

Fundi naye alipendekeza tuupitishe kwenye paipu za umeme, maana zipo tayari. Hapo nilikataa katakata. Waya wa mtandao haukai paipu moja na umeme wa volti 230. Ganda likichubuka humo ndani, umeme unaweza kufika mpaka kwenye kompyuta ya mtoto.

Mjini tuliletewa boksi la waya limeandikwa Cat6, yaani daraja la waya wa mtandao, bei rahisi mno. Fundi hakubishana na muuzaji. Alichomoa kisu, akamenya ncha ya uzi mmoja, akaukwangua taratibu. Rangi ya shaba ikatoka kama vumbi, chini yake pakang'aa weupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo unakatika ukikunjwa mara chache, na ukipitishiwa umeme wa kuwashia kamera unapata moto. Tukaliacha palepale, tukatafuta duka lenye shaba tupu. Kwa kweli Cat5e, daraja la chini yake, ingetosha, maana inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba yetu haina urefu huo. Lakini siku tukihitaji kasi zaidi sitaki kumsumbua yule mama mara ya pili, ndiyo maana nikachukua Cat6.

Kilichonivutia kuliko vyote ni kumtazama akifunga vichwa vya waya. Ndani mna nyuzi nane, jozi nne, na kila jozi imesokotwa kwa kipimo chake. Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya za simu mwaka 1881, na mpaka leo tunaitegemea mbinu hiyohiyo: kelele ya umeme ikiingia inazigusa nyuzi zote mbili za jozi sawasawa, na kifaa cha upande wa pili kinasoma tofauti kati yake tu, hivyo kelele inafutika. Kwa hiyo fundi hafumui msokoto zaidi ya milimita 13. Anazinyoosha kwa kidole gumba huku akitaja kwa sauti: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anakata zilingane, anasukuma, anabana. Testa ikawasha taa moja hadi ya nane bila kuruka.

Kifurushi cha intaneti hakijaongezeka kasi, na sikutarajia kiongezeke. Ila video zilizo kwenye diski ya sebuleni nazifungua nikiwa chumba cha nyuma bila kusubiri, na mwanangu anasoma bila somo kugandaganda.

Mama mwenye nyumba amepanda kuja kuona. Amepapenda, sasa anataka waya kama huo uvuke ua mpaka nyumba yake. Nimemwomba asubiri. Shaba kati ya majengo mawili ni njia ya radi, na mvua za masika huku chini ya Mlima Meru huja na radi kali. Hapo inafaa faiba, waya wa nyuzi za kioo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Jumatatu nitamuulizia bei.