Jinsi Sauti ya Mvua Ilivyoshika Namba Moja kwenye Chati Yangu

Nianze na aibu, ili tukishamalizana nayo tuongee vizuri. Wiki ya sita tangu nianze kupanga Ishirini Bora yangu, chati ya nyimbo ninazozipenda mimi mwenyewe, namba moja ilishikwa na mvua. Si wimbo unaoitwa Mvua, hapana. Mvua yenyewe: dakika tatu za matone yakipiga bati, sauti ambayo huwa naiwasha usiku nikikosa usingizi. Niliiweka ijirudie, nikalala kwa muda wa saa saba nzima, na simu ikahesabu kila mzunguko bila kuchoka. Mara 140 kwa usiku mmoja. Namba mbili ulikuwa wimbo nilioshinda nao mdomoni wiki nzima hadi watu wa nyumbani wakanikemea. Ulikuwa na mara 19.

Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeshauriwa. Kila niliyemuuliza namna ya kupanga chati binafsi alinijibu lile lile: hesabu umesikiliza mara ngapi, namba hazidanganyi. Zinadanganya, tena bila kupepesa macho. Mtu akikupa ushauri huo leo, muulize kama amewahi kuipa mvua taji.

Kwa asiyejua, chati binafsi ni kitu rahisi tu. Kila wiki unapanga nyimbo unazozipenda wewe, namba moja hadi ishirini, unaandika ipi imepanda, ipi imeshuka, ipi imeingia, ipi imetoka. Haijali mauzo wala redio wala nani anavuma. Mdogo wangu wa kike alipoliona jedwali langu mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, yaani unapiga kura peke yako, unahesabu peke yako, halafu unasubiri matokeo kwa hamu?" Nikamwambia ndiyo, na uchaguzi wangu hauna malalamiko.

Baada ya mvua sikukata tamaa na hesabu mara moja. Niliifuta, nikaendelea wiki kadhaa nyingine, na ndipo nikagundua ugonjwa mkubwa zaidi. Nina wimbo mmoja wa dansi wenye sebene ndefu, dakika 12 na kitu. Programu niliyokuwa natumia ni Last.fm, na yenyewe huhesabu wimbo ukishafika nusu, au ukifikisha dakika nne, lipi litangulie. Kwa hiyo wimbo wangu wa dakika 12 unapata alama moja, na kitoto cha dakika mbili nacho kinapata alama moja baada ya dakika moja tu. Muda ninaotumia kuusikiliza ule mrefu mara moja, kile kifupi kimeshajikusanyia alama sita. Wimbo ninaoupenda kuliko karibu zote ulikuwa unakaa namba 17, ukinitazama.

Halafu kuna nyimbo ambazo mtu hazisikilizi sana kwa sababu anazipenda. Ninao mmoja ninaojiruhusu mara mbili kwa wiki, basi. Nikizidisha naona kama nauchosha. Hesabu haiwezi kulielewa jambo hilo hata ukiipigia magoti.

Nikahamia kwenye alama. Kumi juu ya kumi, kama mwalimu. Kosa langu la pili, na hili lilinila miezi karibu minne. Jaribu uone: wimbo usioupenda hauingii kwenye orodha, kwa hiyo hakuna anayepata tatu wala nne. Kumi unaogopa kuitoa, je, kesho kikija kikali zaidi? Tisa unaibania. Matokeo yake kila wimbo ni nane. Nikaanza kuongeza desimali. Usiku mmoja nilijikuta nimekodolea macho skrini nikibishana na nafsi yangu kama wimbo fulani ni 8.35 au 8.4, na wimbo wenyewe ulikuwa umeshacheza ukaisha bila mimi kuusikia.

Na bado nyimbo saba zilifungana. Nilijifariji kidogo niliposoma kwamba chati ya kwanza kabisa ya Uingereza, ile iliyotoka kwenye gazeti la muziki la NME tarehe 14 Novemba 1952, iliitwa ya nyimbo 12 lakini ndani zilikuwemo 15, kwa sababu baadhi zilifungana. Data yenyewe waliipata kwa kupiga simu kwenye maduka ya santuri na kuuliza nini kimeuzika. Kama wao walianza hivyo, mimi na nane zangu saba sikuwa na sababu ya kulia. Ila wao walikuwa na kisingizio, walikuwa wanauliza watu wengi. Mimi nilikuwa namuuliza mtu mmoja, na hajui jibu.

Dawa ilitoka kwa yule yule mcheka chati. Tulikuwa safarini, simu yangu ndiyo inayopiga muziki, na chaji imebaki asilimia mbili. Akaniambia, "Kaka, hapa umebaki wimbo mmoja tu. Huu au ule?" Nikajibu kabla hajamaliza kusema "ule". Simu ikazima katikati ya kiitikio, lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Miezi yote ile nahangaika na desimali, kumbe nikiulizwa juu ya nyimbo mbili tu jibu linatoka lenyewe, halihitaji hata kufikiri!

Tangu siku hiyo sitoi alama. Napambanisha. Wimbo mpya ukitaka kuingia, siuulizi una thamani gani, nauweka mbele ya namba 10. Chaji imebaki ya wimbo mmoja, nani anapigwa? Ukishinda, unakwenda kupambana na namba 5. Ukishindwa, unateremka kwa namba 15. Kila pambano linakata nusu ya orodha iliyobaki, kwa hiyo kwenye nyimbo 20 hakuna mgeni anayehitaji zaidi ya mapambano matano kupata kiti chake. Matano! Mimi nilikuwa nazungusha desimali hadi saa sita za usiku.

Sharti ni moja, na ukilivunja usinilaumu: ujibu kabla ya kuhesabu tatu. Ukianza kutoa sababu, "lakini huu una mashairi mazito, lakini yule msanii ni mkongwe", tayari unampangia chati mtu mwingine, yule unayetaka watu wamwone.

Kuna wiki mapambano yalizunguka. Wimbo wa huzuni ukaupiga wa kuchezeka, wa kuchezeka ukaupiga wa sebene, halafu wa sebene ukaja ukaupiga ule wa huzuni. Nikadhani nimeharibikiwa. Baadaye nikakuta kwamba Mfaransa Condorcet alilieleza jambo la namna hii tangu 1785, kwenye kura za watu wengi: umma unaweza kumpenda wa kwanza kuliko wa pili, wa pili kuliko wa tatu, na wa tatu kuliko wa kwanza. Basi inaelekea ndani yangu wamo wapiga kura kadhaa na hawaelewani. Siku kama hizo naacha nyimbo hizo tatu zilivyokuwa wiki iliyopita, naenda kulala.

Nimesema wiki iliyopita, na hapo pana mtego mwingine. Kwa muda mrefu nilikuwa nafungua jedwali, naona safu ya wiki iliyopita pembeni, halafu naanza "kupanga". Sikuwa napanga chochote. Nilikuwa nanakili, nikishusha huyu moja na kupandisha yule moja ili ionekane kazi imefanyika. Nilijikamata nilipoona namba 6 hadi 12 hazijabadilika wiki tano mfululizo, zimekaa kama picha ya familia. Sasa kabla ya kuanza nazipanga nyimbo zote kwa alfabeti na kuificha safu ya nafasi za zamani. Naifunua nikishamaliza. Wiki ya kwanza kufanya hivyo, wimbo uliokuwa namba 3 ulijikuta namba 16. Nilikaa nikiutazama kwa masikitiko. Mapenzi yalikuwa yameisha zamani, nilikuwa sijaambiwa tu.

Siku ya kupanga nayo ina maana. Nilianza na Jumapili kwa sababu nina nafasi. Lakini tangu Julai 2015 nyimbo mpya nyingi duniani hutoka Ijumaa, kwa hiyo Jumapili wimbo una siku mbili tu masikioni na unaingia moja kwa moja tano bora. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wiki inayofuata hauonekani. Nikahamia Alhamisi jioni, na nikaweka sheria kwamba wimbo hauruhusiwi kuingia mpaka niwe nimeusikiliza siku tatu tofauti. Idadi ya waingiao ikapungua, na waliobaki wakaanza kudumu. Kazi nzima ni kama nusu saa, ikiwa wiki mbaya ni zaidi, hasa kukiwa na hilo suala la wapiga kura wasioelewana.

Kisha ikatoka albamu. Sitamtaja msanii, lakini nilikuwa nimeingoja kwa muda mrefu, na Alhamisi yake nyimbo 11 kati ya 20 zilikuwa za mtu mmoja. Haikuwa chati tena, ilikuwa bango lake la matangazo. Hata hili limewahi kuwakuta wakubwa: mwaka 2017 Ed Sheeran alitoa albamu na nyimbo zake 16 zikakaa ndani ya Ishirini Bora ya Uingereza kwa wakati mmoja, na miezi michache baadaye wakaweka ukomo wa nyimbo tatu kwa msanii mmoja. Mimi nimeweka mbili. Mdogo wangu anasema ninamwonea msanii wangu. Sawa, lakini tisa zilizobaki zilipotoka nilizikuta nyimbo nzuri zilizokuwa zimekanyagwa chini bila kosa lolote.

Sheria ninayoipenda kuliko zote ni ya kustaafisha. Nilikuwa na wimbo uliokaa wiki 31 ukizunguka kati ya 13 na 18. Haupandi, hautoki. Kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili na sasa anajua funguo za milango yote. Kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, wimbo ukishapita wiki 20 na ukashuka chini ya nafasi ya 50, kwa kawaida huondolewa. Nikaishona sheria hiyo kwa kipimo changu: ukipita wiki 15 na uko chini ya namba 10, unastaafu kwa heshima. Nina ukurasa wao, nauita Barazani. Wamekaa pale na kumbukumbu zao, nafasi ya juu waliyofika na idadi ya wiki.

Kurudi kunaruhusiwa, ila lazima wimbo ushinde pambano na namba 10 papo hapo. Siwezi kuwafungia wazee mlango wakati ule wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey ulitoka 1994 na ukasubiri hadi Desemba 2019 kufika namba moja Marekani. Kutoka Barazani wamesharudi wawili, na mmoja alirudi kwa sababu niliusikia unapigwa dirishani mwa jirani nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina.

Ah, na msiandike wiki mpya juu ya ile ya zamani mkaifuta. Najua ni jambo la kitoto. Nilikuwa na jedwali moja, kila Alhamisi nabadilisha namba zilizopo, nahifadhi, nafunga. Wiki 23 za mwanzo hazipo popote. Nilizozifikisha hapa ni zile nilizozikumbuka kwa sababu ya fedheha, mvua ikiwemo. Siku hizi kila wiki ina safu yake na sigusi safu ya nyuma hata kama nimekosea tahajia.

Mwisho wa mwaka najumlisha. Namba 1 inapata pointi 20, namba 2 inapata 19, hivyo hivyo hadi namba 20 inayoondoka na moja. Nilikuwa na hakika wimbo wa mwaka ungekuwa ule uliokaa kileleni wiki sita, nikausifia kila mahali. Jumla ilipotoka ulikuwa wa nne. Ulipanda kwa kishindo, ukatoka kwa kishindo. Wa kwanza ulikuwa ni ule wa sebene wa dakika 12, ambao haukuwahi kuonja namba moja hata wiki moja. Ulikuwa ukikaa 3, 4, 3, 5, 4, mwaka mzima, haunisumbui. Niliusikiliza wote usiku ule, kuanzia gitaa la kwanza, na programu ikauhesabu mara moja.

Kuhusu mdogo wangu: mwezi wa tatu mwaka huu alinitumia wimbo akasema huu lazima uingie, uachane na mambo yako ya kizee. Niliuona wa ovyo. Nikausikiliza siku tatu kwa kutimiza sheria, nikaupambanisha, ukapigwa na karibu kila mtu, ukaponea namba 20. Nikamwambia nimeuweka kwa huruma. Alhamisi iliyofuata ukawa 14. Kisha 9. Alhamisi hii nilificha safu kama kawaida, nikapambanisha, nikafunua, na umo namba 2, ukiwa umeangushwa na namba 1 baada ya mimi kusita sana, nadhani nilipita hesabu ya tatu.

Mwenyewe ananiuliza kila siku umefika wapi. Namwambia uko palepale.