Pansi hazingoji Siku ya Mama

Watu wetu wengi hapa Columbus, Ohio, wana ushauri mmoja wa bustani: usipande kitu mpaka Siku ya Mama ipite, Jumapili ya pili ya Mei. Kwa nyanya na mchicha, sawa kabisa. Kwa maua ya baridi kama pansi ni ushauri mbaya, na nimechoka kuusikia. Pansi ukizipanda katikati ya Mei, joto la Juni linazikuta hazijashika mizizi. Zinarefuka vikonyo na kunyauka. Zangu huingia kwenye tuta mwisho wa Machi, udongo ukishaacha kunata. Sakitu nyepesi, yaani umande ulioganda, ikipiga usiku, asubuhi zinalala chini. Jua likipanda, zinasimama. Dada mmoja wa kanisani alizikuta zimelala akanipa pole. Baadaye aliniomba miche.

Lakini fahari yangu ni tulipu. Kazi yake huanza Oktoba, kwa sababu tunguu la tulipu, shina nene la chini linalofanana na kitunguu, linahitaji miezi mitatu minne ya baridi ardhini ndipo litoe ua. Adui ni kindi. Akiona udongo mbichi, anafukua. Niliambiwa ninyunyize pilipili ya unga. Mvua moja ikaiosha, matunguu yakaliwa. Kilichomshinda ni wavu wa banda la kuku, dola kumi na kitu tu. Nilichimba tuta zima sentimita 20, nikapanga matunguu, nikafukia nusu, nikalaza wavu, nikamalizia udongo na kutandaza majani makavu pasionekane pamechimbwa. Tulipu hupenya kwenye matundu bila shida. Nikiwa dirishani nilimwona kindi akichimba, akagonga waya, akahamia pembeni, akagonga tena, akaenda zake. Nilipiga vigelegele jikoni! Kandokando nikazungushia maua ya dafodili. Zina sumu, kindi hazigusi.

Vyungu vya maua vina mambo yake, maana udongo wake huganda kutoka kila upande. Vyangu hukaa kwenye banda la gari lisilo na kipasha joto, natoa nje Machi. Matunguu ya tulipu chini, ya krokasi, maua madogo yanayotangulia, juu: krokasi zikimaliza, tulipu zinapokea, chungu kilekile. Matundu ya kutoa maji ni lazima, tunguu likilowa linaoza.

Maua ya dafodili yakiisha, kata kikonyo, majani yaache mpaka yawe ya njano, maana ndiyo yanayolisha tunguu kwa mwaka unaofuata. Mimi hupanda pansi katikati yake, zikayaficha yakizeeka.