Nilivyoachana na kuandika paswadi kila nikiingia kwenye seva

Mi nina seva nne ninazozisimamia, na kwa muda mrefu kila nikikaa kwenye kompyuta ya mezani nilikuwa naandika ule mstari wote wa ssh (amri ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), jina la yuza, namba za IP, poti, halafu paswadi ndeeefu ambayo ukikosea herufi moja unaanza upya, maana wakati unaandika haionekani hata nyota. IP zenyewe nilikuwa nimezibandika kwenye karatasi pembeni ya skrini. Aibu kabisa kwa mtu anayejiita fundi.

Nikaanza na ufunguo, yaani faili la siri ambalo seva inakutambua kwalo badala ya paswadi. Nilipiga `ssh-keygen -t ed25519`, ikaniuliza niuweke wapi nikapiga enta, ikaniuliza paswadi ya kulinda ufunguo wenyewe nikaweka, na hapo wengi wanaruka, mi nakwambia usiruke, maana kompyuta ikiibiwa mwizi amepata na seva zako zote. Kwenye konfigi, faili la mipangilio ya ssh nitakaloonyesha chini, nikaweka `AddKeysToAgent yes` kwa hiyo naiandika mara moja tu, siku nzima ajenti, programu inayokaa pembeni na kushika funguo, anaikumbuka. Mafaili yanatoka mawili, lenye .pub ndo unapeleka kwenye seva kwa amri ya `ssh-copy-id`, lile lingine halitoki kwenye mashine yako kamwe.

Seva tatu zikakubali palepale. Ya nne ikagoma, inaniuliza paswadi kana kwamba ufunguo haijauona. Jioni yote ikaisha hapo. Nikafuta funguo nikatengeneza nyingine, nikapesti kwa mkono, nikaongeza `-v` ili ssh iseme kila inachofanya, nikaona kompyuta yangu inautoa ufunguo vizuri tu, seva inanyamaza. Kumbe nilikuwa natafuta upande usio sahihi, jibu lilikuwa kwenye logi ya seva yenyewe: `bad ownership or modes for directory`. Nikakumbuka zamani nilishawahi kupiga chmod 777, yaani kuruhusu kila mtu kusoma na kuandika, kwenye folda yangu ya home kwa hasira, faili flani lilikuwa linagoma kufunguka. Sasa sshd, programu ya upande wa seva inayopokea ssh, ikiona mtu yeyote anaweza kuandika kwenye hiyo folda, haiamini tena orodha ya funguo iliyomo ndani, na iko sahihi. Nikarudisha home 755 (wengine wasiandike), `.ssh` 700 na `authorized_keys`, ndo ile orodha ya funguo, 600 (mimi tu), nikajaribu tena, nikaingia.

Utamu wenyewe sasa ni faili la `~/.ssh/config`, sijui kwa nini nilichelewa hivyo kulijua:

```
Host hifadhi
    HostName 203.0.113.25
    User msimamizi
    Port 2222

Host *
    AddKeysToAgent yes
    ServerAliveInterval 60
    ControlMaster auto
    ControlPath ~/.ssh/cm-%C
    ControlPersist 10m
```

Naandika `ssh hifadhi` basi, niko ndani. Na scp na rsync, amri za kunakili mafaili, nazo zinalielewa jina hilohilo. Zile za Control ndo zinanifurahisha zaidi, ukishaingia mara moja dirisha la pili linapita kwenye njia ileile, linafunguka kabla hujatoa kidole kwenye enta. Ile ya 60 inazuia kukatwa ukiinuka kidogo. Hiyo `Host *` iweke chini kabisa, kwa sababu ssh inashika thamani ya kwanza iliyokutana nayo, ukiiweka juu itazifunika za chini. Seva moja iko nyuma ya nyingine, hiyo nikaiongezea `ProxyJump hifadhi` tu, inaruka yenyewe.

Mwisho nikafunga kuingia kwa paswadi. Hapa nilikuwa mwoga, nikaacha dirisha moja limelogini sijaligusa, nikaandika `PasswordAuthentication no`, nikapiga `sshd -t` kuangalia makosa, nikariload sshd isome mipangilio mipya, halafu nikajaribu kwenye dirisha lingine nikiilazimisha ssh isitumie ufunguo wala ile njia ya Control iliyokwisha funguka. Bado inaniuliza paswadi! Kumbe kwenye `/etc/ssh/sshd_config.d/` kulikuwa na kafaili kadogo kamesema `yes`, na kanasomwa kabla ya faili kubwa, mambo yaleyale ya wa kwanza kushinda. Nikakabadilisha, nikariload tena, nikapiga `sshd -T | grep -i passwordauth` kuona mipangilio inayoshika, ikajibu `no`, ndo nikalifunga lile dirisha la akiba.

Karatasi ya IP bado iko pale, gundi imeshika.