Mrija mpya wa kiko cha babu

Kiko cha marehemu babu kilianguka kwenye sakafu ya saruji tulipokuwa tukihamisha kabati, na mrija wake ukakatika pale pale unapoingia kwenye shina. Bakuli halikupata hata mkwaruzo, jambo nililolishukuru sana, kwa sababu kiko hicho kilitengenezwa Arusha, na ndani ya mbao yake kuna tabaka la mershaumu, yale madini meupe mepesi yaliyochimbwa Sinya, wilayani Longido, upande wetu wa mpaka unaopakana na Amboseli. Mrija mweusi ulikuwa na alama ndogo ya tembo. Ni tembo huyo aliyenifanya nikae na kiko kilichovunjika kwa muda wa miezi mitatu bila kukigusa.

Mrija wa aina hii hutengenezwa kwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama pembe. Mwisho wake una ulimi mwembamba unaochomekwa kwenye tundu la shina. Ukikatika ulimi peke yake, unaweza kutoboa mrija uleule na kupandikiza ulimi mwingine, na hilo ndilo nililolitamani. Lakini nilipouosha mrija na kuutazama juani, niliona ufa uliopanda kutoka kwenye ulimi hadi kumpita tembo. Kuutoboa kungeupasua kabisa. Nikakubali, kwa uchungu, kwamba itanibidi nitafute mrija mpya.

Kwanza nilipaswa kutoa kipande cha ulimi kilichobaki ndani ya shina. Wapo wanaokiweka kiko kwenye friza kwa muda mfupi ili ebonaiti isinyae, lakini sikuthubutu kuijaribu baridi hiyo kwenye mershaumu ambayo imekaa ndani ya mbao kwa miaka mingi. Nilikiacha kiko mahali pakavu kwa wiki nzima, kisha nikachukua skrubu nyembamba, nikaizungusha kwa vidole ndani ya tundu la moshi la kile kipande mpaka ikashika, halafu nikavuta huku nikipindua polepole. Kipande kikatoka kizima. Mtu asiikaze skrubu kupita kiasi, maana kipande hutanuka na kulipasua shina, na hapo hasara inakuwa kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Binamu yangu anayeishi Uingereza aliniletea mirija miwili ghafi ya ebonaiti, ambayo ulimi wake huachwa mnene kwa makusudi ili kila mtu aupunguze kulingana na kiko chake. Nilikwenda nayo kwa fundi mmoja mzee anayekereza miguu ya vitanda. Baada ya kumwamkia shikamoo na kumweleza shida yangu, aliugeuza mrija mikononi, akaunusa, akasema, "Mwanangu, hiki si mti, lakini kitakerezeka. Niletee kipimo, usiniletee makisio." Tundu la shina lilikuwa na kipenyo cha milimita 8. Mrija wa kwanza tuliuharibu kwa haraka yangu mimi, niliyemwomba apunguze "kidogo tu" mara moja zaidi, ulimi ukawa unacheza ndani ya tundu. Wa pili alikereza hadi milimita 8 na ushei, akaniambia sehemu iliyobaki niimalize nyumbani kwa msasa.

Kazi hiyo ya nyumbani ilinichukua jioni nne. Nilikuwa napitisha msasa namba 400 kuuzunguka ulimi mara chache, nafuta vumbi, najaribu, natoa, narudia. Ulimi unatakiwa uingie kwa kupinduliwa taratibu na ukae bila kulegea, kwani ukibana sana shina hupasuka, hasa kiko kinapopata joto. Mahali mrija unapokutana na shina palikuwa na ngazi ndogo iliyosikika chini ya ukucha. Niliisawazisha kwa tupa laini, baada ya kuzungushia shina utepe wa karatasi ili nisiikwaruze mbao ya babu.

Kiko chake kilikuwa na mrija uliopinda, na huu mpya ulikuwa umenyooka. Niliingiza waya uliozungushiwa pamba katika njia ya moshi ili isizibe, nikaufukia mrija kwenye mchanga moto, kama ule wa kukaangia karanga, mpaka ukalegea, nikaukunja kwa kuufuatisha mrija wa zamani, kisha nikaupoza kwa maji baridi. Mara ya kwanza niliukunja kupita kiasi. Nikaurudisha kwenye mchanga nao ukajinyoosha wenyewe, kwa kuwa ebonaiti ikipashwa moto hurudia umbo lake la awali. Baada ya hapo nilipiga msasa namba 600, 1000 na 2000 wenye maji, harufu ya salfa ikajaa chumbani, nikamalizia kwa nta ya nyuki na kitambaa cha pamba.

Mrija mpya hauna tembo, na sikutaka kumchonga mwingine wa kuiga. Ule wa zamani nimeufunga kwa uzi pamoja na kile kipande cha ulimi, nikaviweka ndani ya kopo la tumbaku la babu, kando ya kiko.