Nilivyoachana na Kiingereza nikajifunza Kifini kwa Kiswahili

Kila Mtanzania niliyekutana naye hapa Tampere alinipa ushauri uleule: Kifini kijifunze kwa kupitia Kiingereza, Kiswahili kiweke kando, kitakuchanganya. Wengi wao, simsemi mtu, wana miaka mingi Ufini na wakienda kwa daktari bado wanaomba mkalimani. Mimi nimefaulu YKI, mtihani wa taifa wa lugha, ngazi ya 3, ile inayotakiwa ukiomba uraia, na kilichonivusha ni hicho Kiswahili walichotaka nikifungie kabatini. Leo niacheni nijisifu.

Kilichonifumbua macho ni neno la Kiingereza "play", yaani kucheza, ambalo wao hulitumia hata kwa kupiga gitaa.

Mwanzoni niliwatii. Nikakata kadi, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kifini. Maji, nyumba, mkate, yote yakaenda vizuri. Nilipofika kwenye "play", kamusi niliyoinunua sokoni kwa vitu vya mitumba, kwa euro chache tu, ikanimwagia orodha: pelata, leikkiä, soittaa, näytellä, na nyingine chini yake. Mfano wa sentensi hata mmoja hakuna. Nikayaandika yote kwenye kadi moja, yakabanana kama abiria wa daladala la jioni, nikayakariri mpaka usingizi ukanishinda. Ikaja insha ya darasani kuhusu familia. Nikaandika kwamba watoto wa dada yangu wanacheza mchangani, nikatumia pelata. Shemeji anapiga gitaa kanisani, pelata tena. Si nimeshalikariri? Insha ikarudi imejaa wino mwekundu. Kumbe kwa Mfini watoto wale walikuwa kwenye mechi. Nikauliza, nitajuaje lipi ni la wapi? Nikajibiwa: "Utazoea." Nao huo eti ni ushauri.

Siku nyingine mwalimu akaandika ubaoni: Soitan äidille illalla. Mwenzetu mmoja ambaye Kiingereza kinamtiririka akarukia kujibu: jioni namtumbuiza mama kwa muziki. Mwalimu akacheka, akanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, akaviweka sikioni. Simu! Darasa zima likaanza kunung'unika, lugha gani hii, gitaa na simu vimekutania wapi?

Mimi nilikuwa nimeduwaa kwa furaha. Gitaa si tunalipiga? Kinanda tunakipiga. Na simu tunaipiga. Tena ukisema "nampigia mama" bila kutaja simu, nani hakuelewi? Na ile -lle iliyo mwishoni mwa äidille inafanya kazi ileile ya -ia kwenye nampigia. Wazungu wale walikuwa wanaumiza kichwa kwa kitu ambacho bibi yangu kijijini angekielewa kabla chai haijapoa.

Nikaendelea kuchimba. Puhelin soi, simu inalia. Kello soi, kengele inalia. Kumbe soida ni kulia, na soittaa ni kukifanya kitu kilie, yaani kukiliza! Wanachomeka -tta- pale sisi tunapogeuza lia kuwa liza. Usiku ule niliwinda maneno kama mwendawazimu. Syödä ni kula, syöttää ni kulisha. Juoda ni kunywa, juottaa ni kunywesha. Lentää ni kuruka, lennättää ni kurusha. Kiingereza kina neno moja la kula na jingine kabisa la kulisha, basi anayepita kwenye daraja hilo haoni chochote. Mimi maneno mawili nilikuwa nayapata kwa bei ya moja.

Kazi ilibaki kwa pelata na leikkiä, kwa sababu sisi yote hayo ni kucheza. Hapo niliokolewa na kielikahvila, yale maongezi ya maktaba ambako kahawa ni ya bure na wastaafu wana muda wa kukusikiliza. Nendeni jamani, acheni kulipia programu za simu zinazowafundisha kusema tembo anakula tufaha. Mzee mmoja akanieleza kwamba mpira, karata, drafti na gemu za kompyuta ni pelata. Watoto wakijifanya baba na mama, au wakimlaza mwanasesere, ni leikkiä. Nikambana: je, kombolela? Ina sheria zake, na kuna anayeshindwa. Akafikiri kidogo, akasema leikkiä. Na kukimbizana na kugusana? Leikkiä pia. Nikatunga kanuni yangu: mchezo unaoweza kuanzishiwa ligi, sema pelata. Ligi ya kombolela sijawahi kuisikia. Mpaka leo kanuni hiyo haijaniangusha. Näytellä, yaani kuigiza, haikunisumbua, maana imetoka kwenye näyttää, kuonyesha, na sisi tuna maonyesho. Hata "usicheze na moto" wanayo, kwa leikkiä, ibebe ilivyo.

Ila msilewe na piga. Picha Wafini hawaipigi, wanaichukua: ottaa kuva. Mswaki hawaupigi, wanaosha meno: pestä hampaat. Na kupiga pasi ni silittää, neno lilelile la kumpapasa paka, ukipenda cheka.

Kadi za zamani nilizichana. Mpya zina sentensi nzima pande zote mbili: "Ninapiga gitaa", Soitan kitaraa. Mkia huo usiuache, kitara inakuwa kitaraa, jalkapallo inakuwa jalkapalloa, shakki inakuwa shakkia. Andika na mkia wake tangu siku ya kwanza. Kiswahili hapo hakina msaada wowote, meza tu kama dawa. Gharama? Manila na kalamu. Kozi ya jioni ya kansalaisopisto, chuo cha elimu ya watu wazima, ni makumi ya euro, inategemea masaa. Kinachouma ni ada ya mtihani, inapita euro mia, na nafasi zinajaa haraka sana, kwa hiyo usajili ukifunguliwa asubuhi uwe tayari mbele ya kompyuta, usisubiri mshahara.

Sasa hivi ninapambana na kujua. Kujua jambo ni tietää, kumjua mtu ni tuntea, kujua kuogelea ni osata, na sisi yote tumeyatia kwenye kapu moja pamoja na Waingereza. "Najua Kifini" ni osaan suomea, hiyo nimeibandika juu ya jiko. Mwenye ujanja wa kuyatenganisha haya matatu aniambie, kahawa nitanunua mimi.