Foku ya baiskeli ya Neema

Binti yangu Neema ana miaka minane na uzito wa kilo 24. Kwa mwaka mzima amekuwa akilalamika kwamba baiskeli yake ya tairi za inchi 24 inamwumiza viganja kila tunapotoka Sakina kuelekea Ngaramtoni kwa njia za mashambani, ambako mifereji iliyochimbwa na mvua hukauka ikawa migumu kama saruji. Nilipoamua hatimaye kumtafutia foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, yenye shokapu, nilinunua ile iliyonivutia macho, yenye springi nene na kitufe cha buluu juu ya mguu mmoja, kwa shilingi 70,000, bila kujiuliza ni nani atakayeibonyeza.

Mizani ya muuza nyama jirani yetu ilionyesha kilo 2.6. Foku ngumu ya chuma tuliyoitoa ilikuwa na kilo 1.1 tu, kwa hiyo nilikuwa nimemwongezea mtoto kilo moja na nusu ya kusukuma kilimani. Fundi alipokwisha kuifunga, nilizungushia kipande chembamba cha tyubu kwenye bomba la ndani, lile linalong'aa, kikiwa kimegusa sili ya vumbi, kisha Neema akateremka mteremko wake wa kila siku. Kipande kilisogea milimita 7, ilhali foku ile iliuzwa kama yenye mwendo, yaani umbali wa kubonyea, wa milimita 50.

"Mama Neema," fundi akaniambia, "springi hii ni ya mtu anayebeba magunia ya mkaa."

Nilimwomba alegeze kile kitufe cha buluu, naye akanieleza jambo ambalo muuzaji hakulisema: kitufe hicho huikaza springi mwanzoni mwa mwendo wake tu, na springi yenyewe hubaki na ugumu uleule hata ukikizungusha hadi mwisho. Zipo foku zenye springi katika miguu yote miwili, ambazo fundi anaweza kuondoa moja na kupaka grisi mpya, zikalainika kwa gharama ndogo. Yangu ilikuwa na moja tu.

Foku ya hewa haina tatizo hilo, kwa kuwa ugumu wake hupangwa kwa pampu kulingana na uzito wa mtoto, na anapokua unaongeza hewa badala ya kununua nyingine. Zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa tairi za inchi 24, kama RST F1RST, lakini kuiagiza kutoka nje kungenigharimu karibu sawa na baiskeli yenyewe. Ndipo fundi akanishauri tutafute ya mtumba ya tairi za inchi 26. Baiskeli mpya za milimani za watu wazima zimehamia tairi za inchi 27.5 na 29, na foku nzuri za zamani zimekosa wanunuzi. Tulipata foku ya hewa aina ya RockShox Reba kwa shilingi 110,000, na mizani ileile ikasoma kilo 1.6.

Kabla ya kulipa, nilipitisha ukucha juu ya mabomba yote mawili ya ndani kutafuta mikwaruzo, nikaibonyeza mara kadhaa kuona kama oili inavuja kwenye sili. Shingo yake, bomba linaloingia kwenye fremu, ilikuwa imenyooka, yenye kipenyo cha milimita 28.6, sawa na ya zamani. Shingo inayonenepa chini isingeingia kwenye fremu yetu. Mwenye foku alikuwa ameikata fupi, kasoro ambayo ingemkatisha tamaa mtu mzima, lakini fremu ya mtoto ina bomba fupi la shingo, kwa hiyo ilitutosha.

Breki ndizo zilizotusumbua. Baiskeli ya Neema ilikuwa na breki za kubana ringi, na ringi ya inchi 24 iko chini ya ile ya inchi 26 kwa milimita 26 hivi, kiasi kwamba raba za breki zisingeifikia kamwe. Ikabidi tununue habu ya diski na breki ya waya, fundi akasuka upya spoku za gurudumu la mbele. Mwenye baiskeli iliyokwisha kuwa na diski ataepuka gharama hiyo. Asiye na diski, tena mwenye bajeti finyu, ningemshauri abaki na foku ngumu na anunue tairi pana zaidi inayoenea kwenye foku hiyo, aipunguze upepo kidogo. Ni bora mara nyingi kuliko springi isiyobonyea.

Foku ndefu huinua mbele. Fundi aliifupisha kwa vipande vya plastiki ndani, kutoka mwendo wa milimita 100 hadi 80, akageuza stemu, kipande kinachoshika usukani, ielekee chini, na bado usukani huyumba kidogo Neema anapopanda kilima polepole. Tulianza na hewa ya paundi 40, kwa pampu maalumu ya shokapu, kwa sababu chumba cha hewa ni kidogo mno na pampu ya kawaida huweza kupoteza hewa nyingi wakati wa kuichomoa. Jumamosi iliyopita kipande cha tyubu kilisogea milimita 52. Neema ameanza kukikagua mwenyewe kila tunaporudi nyumbani, kabla hata ya kunawa miguu.